Kidevu cha Eunike

Eunike wa Nkoaranga alikuwa na ndevu. Nalisema mapema ili tusizungukane, maana yeye mwenyewe alikaa miaka kumi na tatu bila kumwambia mtu. Hazikuwa ndevu za kufuga; zilikuwa nywele ishirini na ushei chini ya kidevu, ngumu na nyeusi. Kila asubuhi kabla ya chai alijifungia chumbani na kibano, akazing'oa mmoja mmoja, na pale alipong'oa pakabaki vipele na madoa. Juu ya madoa alipaka poda. Juu ya poda alijifunga kitambaa, akasema ana mafua. Mafua gani hayo ya kutoka Januari hadi Desemba?

Yote hayo yangebaki siri yake kama si Sifaeli. Sifaeli alikuwa mkutubi pale chuoni Makumira, mwanamume mpole, na alikuwa ameomba kumuoa. Alimpa Eunike nafasi ya kufikiri hadi Pasaka. Eunike alimpenda, tena sana. Lakini alijiuliza ataamkaje kila siku kabla ya mume wake, na kibano atakificha wapi katika nyumba ya watu wawili. Siku zikaenda, jibu hakulitoa.

Aliyemfumbua macho ni Zakia, jirani yake pale Kijenge alikokuwa akishona nguo. Zakia aliuza vipodozi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, vitu vikimiminika kutoka kila upande: nywele za bandia, manukato ya Dubai, krimu za kumfanya mtu awe na uso wa rangi moja na shingo ya rangi nyingine. Eunike alipomwomba krimu ya kufuta madoa, Zakia alimkagua kidevuni, kisha akakirudisha kikopo rafuni.

"Shoga, wengine nawauzia, wewe sikuuzii," alisema. "Hayo madoa yako ni ya kibano. Kuna daktari amefungua kliniki mjini, anaitwa Najat. Ana mashine ya leza. Nenda kamwone."

Basi Eunike akaenda, na hapo ndipo alipofanya kosa la watu wa kwetu. Kwetu huendi kwa daktari ovyo ovyo. Unaoga, unavaa gauni la kanisani, unajipaka mafuta hadi visiginoni, kana kwamba ugonjwa nao umealikwa harusini. Siku hiyo Eunike aliamka mapema kuliko kawaida, akang'oa kila unywele, hata ule uliokuwa ndiyo kwanza unachungulia, asije akamtia daktari kinyaa.

Daktari Najat alikisogeza kidevu kwenye taa, akakigeuza huku na huku.

"Sasa dada, nikutibu nini?"

"Ndevu," Eunike alinong'ona. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu.

"Ziko wapi?"

"Nimezing'oa. Nimekuja nikiwa msafi."

Daktari alicheka, lakini bila dharau. "Mficha uchi hazai, dada yangu. Wewe umenificha mpaka mzizi! Mwanga wa leza unafuata weusi wa unywele, unashuka nao hadi chini, unauchoma mzizi. Ukishaung'oa, mwanga hauna pa kupita. Kaa wiki sita bila kibano. Zikikukera, nyoa kwa wembe, maana wembe unakata juu tu. Na usipake mkorogo, wala usikae juani."

"Ninyoe? Kama mwanamume?"

"Kama mtu mwenye nywele."

Alimpima damu ili ajue kama homoni zake ziko sawa, kisha akamweleza mengine bila kuyapamba. Mara moja haitoshi. Huenda mara sita, huenda nane, kila moja baada ya mwezi hivi. Ngozi nyeusi inataka mashine yake na mkono unaoijua, la sivyo inaungua, kwa hiyo wataanza kwa kujaribu sehemu ndogo na kusubiri. Nyingi zitapungua, pengine si zote. "Atakayekuahidi kuzimaliza kwa siku moja, mkimbie," alisema.

Wiki sita hizo zilikuwa ndefu. Mama yake, Hanna, alipouona wembe karibu na beseni aliuliza ni wa nani, na Eunike akasema ni wa kufumulia mishono. Asubuhi alikuwa laini, lakini jioni akijigusa alihisi anagusa brashi ya viatu. Sifaeli alipokuja Jumapili, Eunike alizungumza naye mlangoni, kitambaa kikiwa mdomoni, akamjibu kwa mkato kama mtu anayedaiwa. Hanna alimletea loshoro, ule uji wa mahindi na maziwa mgando; Sifaeli aliinywa akiwa amesimama, akaaga mapema. Eunike alimtazama akiteremka kwa njia ya migombani na moyo ukamuuma kweli.

Majibu ya damu yalikuwa sawa, sehemu ndogo iliyojaribiwa haikuungua, na siku ya leza yenyewe ikafika. Alivalishwa miwani ya giza, akapakwa kitu cha baridi, halafu mashine ikaanza kumchapa, kila pigo kama mpira mwembamba uliovutwa ukaachiwa. Kukanuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Alitoka na kidevu kilichovimba kidogo, na kesho yake uvimbe haukuwepo. Alikuwa na furaha hata akamshonea Zakia blauzi bila kuombwa.

Siku ya kumi nywele zikatokeza tena. Daktari alikuwa amemwonya kwamba zile zilizoungua zitajitokeza kwanza kama zinazoota, kisha zianguke zenyewe, aziache. Lakini mwenye hofu hakumbuki maonyo. Wiki moja tu ilibaki kabla ya Pasaka. Alichukua kioo na kibano, akakaa nyuma ya jiko, machozi yakimlengalenga.

"Weka chini hicho," ilisema sauti ya mama yake.

Hanna alikuwa amesimama na mzigo wa majani ya ng'ombe. Aliutua, akaketi karibu, akafungua kilemba alichokuwa akikizungusha chini ya kidevu tangu Eunike apate akili. Kidevuni mwake kulikuwa na ndevu, fupi, nyeupe pe.

"Mama!"

"Wewe umezitoa wapi, kama si kwangu? Nilikuona na wembe, nikaona aibu kusema." Hanna alijipapasa kidevu. "Miaka ishirini na saba nilikaa na baba yako. Hakuwahi kunigusa hapa. Akinyoosha mkono, nageuza uso. Alidhani simpendi, Eunike. Amekufa akidhani hivyo."

Eunike alilia sasa, waziwazi, kwa ajili ya baba yake na kwa ajili ya mama huyu, kisha akamsimulia habari za kliniki na mashine.

"Huyo daktari wako," Hanna aliuliza, "na mimi atanipokea?"

"Zako zimekuwa nyeupe, mama. Mwanga haushiki nyeupe."

"Basi mimi nimechelewa." Alikitwaa kibano mkononi mwa binti yake, akakifunga kwenye pindo la kanga. "Nenda Makumira."

"Na hali hii?"

"Hali hiyo hiyo."

Alimkuta Sifaeli kwenye ngazi za maktaba, akifunga magazeti ya zamani kwa kamba. Eunike hakusubiri moyo umgeuke. Alivua kitambaa palepale, jua likimpiga usoni, akamweleza yote: kibano, kliniki, wembe, mashine.

Sifaeli aliangalia kidevu, akamwangalia machoni, kisha akaketi kwa mshindo juu ya magazeti yake.

"Ndiyo mafua haya?"

"Ndiyo."

"Mimi nilijua kuna mtu mjini! Nikija unajiziba uso, unanisemesha mlangoni. Nimeshakuandikia barua ya kukuacha kwa amani, imo humo mezani." Alipangusa uso kwa kiganja. "Inauma, hiyo mashine?"

"Inauma kidogo. Bado mara tano, pengine saba. Na huenda zisiishe zote."

"Mimi nanyoa tangu kidato cha tatu, na sijaona mtu akinipa pole," alisema Sifaeli, na kile kicheko chake cha polepole kikaanza.

Eunike naye alicheka, uso wazi, wanafunzi wakipita.

"Waambie wazee wako waje kwetu," alisema. "Ila wasije asubuhi sana. Asubuhi mimi na mama tunanyoa."