Dakika Nne za Mama Mvuke

Uso wa mwanamke mzee ulikuwa umesimama katikati ya skrini, mdomo nusu wazi, kama mtu aliyekatizwa na mlango kabla hajamaliza sentensi. Nyuma yake mvuke ulikuwa umeganda hewani. Mshikataa aliutazama, akairudisha picha nyuma, akaisikiliza tena. Dakika nne. Katika filamu ya saa moja na robo, hizo ndizo zilizobeba nyingine zote, kama nguzo ya kati inavyobeba paa.

Jina la Mshikataa alilipata kwenye harusi za watu. Kwa miaka sita alimshikia taa mpiga picha wa mtaani kwao, akisimama juu ya viti kwenye pembe za kumbi, mkono ukimfa ganzi huku maharusi wakilishana keki. Taa ile ilimfundisha kutazama. Maharusi walikuwa na watazamaji wa kutosha. Yeye aliwatazama akina shangazi waliokuwa wakilia bila sauti na akina mjomba waliosinzia kabla ya hotuba. Baadaye akajipenyeza katika chumba cha mhariri mmoja mzee, mtu wa maneno machache aliyeanza kukata filamu kwa mkasi, zama za utepe. Alifagia, akapanga kanda, akakaa nyuma ya kiti cha mzee mpaka siku mzee alipoinuka na kumwachia. Kwa miaka minane alihariri filamu za watu. Waongozaji waliisifu mikono yake myepesi, kisha wakapanda jukwaani wakamshukuru kila mtu isipokuwa yeye. Hakununa. Alijua kwamba mpishi wa harusi hawekewi kiti meza kuu.

Nyumbani walimngoja aache. Mama yake alimwuliza kila alipomtembelea kama hiyo kazi ya picha ina mwisho, kana kwamba ni homa. Kaka yake alipenda kusema kwamba dada yake ameolewa na kamera na mpaka leo shemeji hajaja kujitambulisha. Walicheka, naye akacheka nao, maana utani wenyewe haukuwa na sumu.

Alipofika miaka thelathini na tisa, akaanza filamu yake mwenyewe. Alikwenda hospitali kubwa, akazipita wodi, akateremka mpaka chumba cha kufulia, ambako mashuka ya wagonjwa wote hushuka yakiwa na habari zao na kupanda yakiwa hayana. Wanawake kumi na wawili walifanya kazi humo. Miezi mitatu ya kwanza hakuwasha kamera. Alikunja mashuka pamoja nao. Ndivyo alivyojuana na Mama Mvuke, mkubwa wao kwa umri, aliyesimamia pasi kubwa ya mvuke. Huyo alikuwa na ulimi. Kuhusu mameneja waliobadilishwa kila mwaka alisema hawana tofauti na foronya: huletwa, huzungushwa, hupelekwa ghorofa ya juu.

Mwaka wa pili, mchana mmoja wenzake walipokuwa wamekwenda kula, Mama Mvuke alizima pasi, akayatazama mashuka yaliyopangwa mbele yake, akazungumza. Kamera ilikuwa juu ya miguu yake mitatu, wala haikufichwa. Alisema kwamba akiwa na miaka kumi na saba alijifungua mtoto wa kike katika hospitali hiyohiyo. Siku ya tatu akavaa viatu, akatoka kama mtu anayekwenda kununua sabuni, asirudi. Alipopata moyo wa kurudi, miezi ilikuwa imepita na mtoto amekabidhiwa familia nyingine, ambayo hakuna aliyekubali kumtajia. Akiwa njiani kutoka, aliona tangazo la kazi kwenye mlango wa chumba cha kufulia.

"Nikajiambia, watoto huugua," alisema. "Wakimleta, nitafua shuka alilolalia."

Miaka arobaini na mmoja ilikuwa imepita tangu hapo. Akaiwasha pasi, akaendelea.

Filamu ilipokamilika, Mshikataa aliituma kwenye tamasha moja kubwa la filamu, ng'ambo. Jibu lilikuja. Walikuwa wamechagua filamu kumi na yake ilikuwamo. Waliandika kwamba zile dakika za yule mama hazijawatoka akilini. Mama yake Mshikataa aliisoma barua mara mbili, kisha akaiomba akawaonyeshe majirani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi ile kuingia nyumba za watu ikiwa na heshima.

Kabla ya kusafiri alimwita Mama Mvuke aje aitazame filamu. Mzee alikuja amevaa vizuri, akakaa na mkoba wake magotini. Alicheka kwenye utani wake wa foronya. Zilipofika zile dakika nne, aliinamisha macho akatazama mikono yake mpaka zikaisha. Mwishoni alisifu, akasema hakujua chumba chao ni kizuri vile. Kisha akasema:

"Mwanangu, pale ninapotaja habari za mtoto. Patoe."

"Uliniruhusu, mama. Kamera ilikuwa mbele yako."

"Ilikuwapo. Lakini mimi nilikuwa nazungumza na wewe."

Alieleza kwamba mumewe alikufa bila kujua, na kwamba watoto wake wanne wanaamini bintiye mkubwa ndiye kifunguamimba wake. Hakulia, hakutisha, wala hakuitaja karatasi ya ruhusa aliyotia sahihi kabla ya kupigwa picha. Aliomba kama mtu anavyoomba maji, akaaga.

Mshikataa alikwenda kwa mhariri mzee. Alimkuta kibarazani, akamsimulia yote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema sahihi ni sahihi, na kwamba watu wengi hujutia maneno yao wakishajiona. Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, akaongeza:

"Ukizitoa, utakuwa na filamu nzuri. Nzuri ziko nyingi."

Hakubishana naye, kwa kuwa alisema kweli.

Kwa siku nne alijaribu njia za pembeni. Alificha uso, sauti ikamtaja. Aliibadili sauti, mikono ikamtaja. Katika kuirudia picha, alijikumbuka yeye mwenyewe alivyokuwa mchana ule, upande wa pili wa kamera. Mama Mvuke alipotamka neno mtoto, wazo la kwanza lililomjia halikuwa huruma. Aliwaza kwamba mwanga ni mzuri na aombe Mungu mtu asifungue mlango. Kwa muda mrefu alijivunia wazo hilo. Aliliona kuwa dalili ya mtu aliyeiva katika kazi. Sasa alilitazama bila kulilaani na bila kulisifu, kama mtu anavyoutazama mkono wake mwenyewe kwenye picha ya zamani. Lilikuwa lake. Bila shaka lingemjia tena. Lakini halikuwa lazima liwe na neno la mwisho.

Siku ya tano akakata. Aliacha pale Mama Mvuke anapozima pasi na kuvuta pumzi, na pale anapoiwasha tena. Katikati hapakuwa na kitu.

Aliwaandikia watu wa tamasha. Walijibu baada ya siku tisa, kwa adabu, kwamba hiyo si filamu waliyoichagua na nafasi imepewa mwingine. Alimpigia mama yake simu akamweleza.

"Umekula?" mama akauliza.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Jumamosi mchana, ukutani mwa kantini ya hospitali. Wafuaji walikuja na watu wao. Kila mmoja alipojiona, wenzake walimshangilia, na utani wa foronya ulilazimika kurudiwa kwa sababu kicheko kiliufunika. Mama Mvuke alikaa safu ya pili na bintiye mkubwa, mwalimu, mwanamke aliyefanana naye paji la uso. Watu walipoanza kuinuka, binti alimfuata Mshikataa aliyekuwa akikunja nyaya.

"Pale mama anapozima pasi," alisema, "kuna kitu alisema."

Mshikataa alizungusha waya mkononi.

"Namjua mama yangu. Akivuta pumzi vile, kuna jambo linakuja. Alisema nini?"

"Si langu kulisema, dada."

Binti alimtazama, akangoja, akaona hakuna nyongeza. Akageuka, akarudi alikokuwa mama yake, akavuta kiti wakatazamana.

Mshikataa alibeba spika mpaka garini, akarudi kuchukua projekta. Kantini ilikuwa tupu isipokuwa wale wawili. Binti alikuwa akisema. Mama alikuwa amefumba mkono mmoja ndani ya mwingine. Mlangoni alisimama mpishi wa kantini na funguo zake, akamwomba awaambie watoke, maana yeye anataka kufunga.

"Wape muda kidogo," Mshikataa alisema.

"Muda wa nini?"

"Sijui."

Akaiacha projekta mezani, akarudisha mlango taratibu usigonge, akaketi kwenye ngazi za nje. Mpishi alisimama kidogo, kisha naye akakaa.