Mkalimani wa Kamera

Antipasi ndiye kiziwi pekee katika chuo chetu hapa Singida, na mimi ndiye mkalimani pekee wa lugha ya alama. Siku ile tulikuwa tunaingia kwenye somo la takwimu wakati mlezi wa wanafunzi, Bwana Ntandu, aliponishika bega.

"Joyce, twende ukumbini. Mgeni rasmi ameshafika na kamera zipo."

"Huko kuna kiziwi?"

"Hakuna, ila watu waone kwamba tunawajali. Antipasi atanakili kwa wenzake."

Nilimweleza Antipasi kwa mikono. Akaingia darasani peke yake.

Nikasimamishwa jukwaani, kando ya mgeni rasmi. Aliposema kwamba katika chuo hiki hakuna mwanafunzi anayesahaulika, hasira ilinipanda. Nikayaacha maneno yake, nikasema yangu kwa mikono: "Humu ukumbini hakuna kiziwi hata mmoja. Kiziwi wetu yuko darasani, anamtazama mwalimu akichezesha midomo, kwa sababu mimi nimeletwa hapa kupigwa picha."

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Jioni Bwana Ntandu alinipigia simu, furaha imemjaa. Alikuwa ameiweka video kwenye ukurasa wa chuo, na viziwi wa nchi nzima walikuwa wanatumiana.

"Wameipenda sana, Joyce."

"Hapana, bosi," nilimwambia. "Wameielewa."