Mabega ya Koti la Meja

Walikuja kuchukua silaha za marehemu mume wangu siku ambayo nilikuwa nimeloweka nguo, na sikuona sababu ya kuziacha kwenye beseni kwa ajili ya jeshi. Niliwaacha sebuleni na binti yangu mpaka nilipomaliza kukamua. Jeshi lilimsubirisha mume wangu nusu ya maisha yake. Kunisubiri mimi kidogo kusingewaua.

Walikuwa kanali, dereva wake aliyebaki nje kwenye gari, na fundi cherehani wa kikosi, mzee mpole aliyechomeka sindano kwenye ukosi wa shati. Nilijiuliza fundi anatafuta nini kwenye shughuli ya silaha, ila sikusema kitu. Kanali nilimjua vizuri. Alipokuwa luteni alikula mezani kwangu mara nyingi, na alikuwa mlaji hasa. Na yeye ndiye aliyemvua mume wangu vyeo.

Nieleze kabisa, nisije nikaonekana mwanamke wa visirani. Mume wangu alikuwa meja. Askari walimwita Taratibu, kwa sababu hata akichukia sauti yake haikupanda. Siku moja watu wa mitaa ya bondeni waliandamana hadi kwenye geti alilokuwa akililinda na vijana wake. Walikuwa wanadai maji, akina mama mbele na ndoo zao kichwani. Amri ikaja kwa redio: pigeni risasi. Yeye akawaamuru vijana watoe magazini kwenye bunduki na waziweke chini. Hakufa mtu siku ile. Kwa hilo akafikishwa mahakama ya kijeshi, kisha akasimamishwa mbele ya kikosi kizima, sisi familia tukiwa tumekalishwa pembeni tuone vizuri. Luteni akaitwa avinyofoe vyeo mabegani. Akavuta kwa pupa, na bega la kushoto la koti likachanika hadi kwenye ukosi.

Baada ya hapo, jela. Serikali ilipobadilika wakamwachia, wakamrudishia na heshima yake: cheo, bastola, upanga wa gwaride na nishani, vyote ndani ya boksi lililoletwa na tarishi kwa baiskeli. Kumvua, kikosi kizima, kumrudishia, tarishi! Nilitaka kulishona koti, akanishika mkono. Alisema walimvua gwarideni, basi waje wamvishe gwarideni. Hawakuja. Koti likakaa kabatini na kidonda chake, na mwezi uliopita tukamzika mwenyewe kwa suti ya kawaida.

"Shemeji, pole sana kwa msiba," kanali alisema nilipoingia nikijifuta mikono.

"Nimeshapoa. Bastola iko kwenye lile sanduku la chuma, na upanga uko juu ya kabati. Uchukue mwenyewe, wewe ni mrefu."

Alifungua sanduku, akaishika bastola kama mtu aliyezoea, akachomoa magazini na kuchungulia chemba. Akanitazama.

"Risasi ziko wapi?"

"Kwenye kopo la majani ya chai."

Binti yangu akafumba macho. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, anapenda mambo yaende kwa heshima, na mimi humwaibisha kila wageni wakija.

"Nani alikufundisha kutoa risasi?"

"Ndoa."

Fundi alikohoa ili asicheke. Kanali akazimwaga risasi mezani, akazifunga kwenye leso, kisha akaushusha upanga na kusema, kama anayeomba radhi, kwamba nao unahesabiwa silaha.

"Beba," nikamwambia. "Sijaukatia hata kitunguu."

Hizo nilizitoa kwa moyo mweupe. Silaha ni za jeshi na sikuwa na ugomvi nazo. Nilidhani wataaga. Kanali akarudi kukaa.

"Kuna jambo moja zaidi, na hili ni ombi," alisema. "Makumbusho ya jeshi yanafungua chumba kipya. Meja atapewa upande wake. Picha kubwa ukutani, buti, darubini, nishani. Na koti lake."

Sitasema uongo, moyo wangu uliruka. Mke gani hataki mumewe akumbukwe? Binti yangu akanishika goti, macho yamemjaa. Nikaenda chumbani, nikalitoa koti kabatini, nikalitandaza kwenye kochi bega bovu likiwa juu, wote walione. Halafu nikaenda jikoni kuwachemshia chai, maana sasa walikuwa wageni wangu.

Niliporudi na sinia, fundi alikuwa amelipakata koti. Bega la kushoto lilikuwa limezibwa, na juu yake cheo kipya cha meja kinang'aa. Alikuwa anatafuta pa kuanzia bega la kulia.

"Papasa hapa, mama," aliniambia kwa furaha. "Hutajua palichanika wapi."

Kazi ilikuwa safi, siwezi kuikataa. Askari wa zamani ndivyo walivyo: wakiona kifungo kimelegea wanakaza, wakiona tundu wanaziba, na kuuliza kutafuata baadaye kama kutafuata. Mzee wa watu hakuwa na baya. Lakini nilihisi nimefiwa mara ya pili, tena ndani ya nyumba yangu, maji ya chai yakichemka. Niliweka sinia mezani kabla sijalirusha.

"Fumua," nikasema.

"Mama!" Binti yangu akasimama. "Mbona limependeza? Muache baba apendeze."

"Hakuchanwa ili apendeze."

"Wanafunzi wangu watapelekwa pale. Unataka wamwone baba yangu na matambara? Wewe hukuitwa mtoto wa msaliti shuleni, mama. Mimi niliitwa. Nataka nikisimama pale mbele yao nimwone mtu mzima, basi."

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa mdogo siku ile ya gwaride, miguu yake haifiki chini kwenye kiti, na kesho yake nikampeleka shule kana kwamba hapakuwa na lolote.

"Wakimwona mzima," nikamwambia, sasa kwa upole, "watajuaje alifanya nini?"

Kanali akaingilia. "Itaandikwa, shemeji. Afisa hodari, mwenye utumishi uliotukuka."

"Na geti litaandikwa? Na akina mama wenye ndoo?"

"Makumbusho si mahali pa kufukua makaburi."

"Ndiyo maana ukaja na fundi."

Kikombe kanali alikuwa amekishika kwa mikono miwili na hakunywa. Nilimwona anazeeka pale pale kwenye kochi langu.

"Unajua mkono uliolichana ni upi," alisema hatimaye. "Nitaifungua milango ya kile chumba mimi, nitapita mbele ya koti hili na wageni. Sina usingizi kwa ajili ya bega hili, shemeji. Nilikuwa luteni. Niliamriwa."

"Na yeye aliamriwa," nikasema.

Fundi aliinamisha kichwa na kuanza kukusanya nyuzi zake moja moja kutoka kwenye paja la suruali. Binti yangu aliondoka kuelekea chumbani, nami nikadhani anakwenda kulia. Alirudi na wembe.

"Samahani, mzee wangu," alimwambia fundi, akalichukua koti.

Aliketi karibu na dirisha penye mwanga akafumua. Alikata uzi mmoja, akauvuta, akakata mwingine, kwa uangalifu ule ule anaotumia kusahihisha madaftari, asiharibu kitambaa alichokiharibu mwingine. Cheo kilipoachia alinyanyuka akakiweka kwenye kiganja cha kanali. "Hiki ni chenu," alisema. Bega likafunguka hadi kwenye ukosi, kama lilivyokuwa. Yeye hakulia hata kidogo. Niliyelia ni mimi.

Kanali alisimama na kuvaa kofia. "Hivi lilivyo, halitapokelewa."

"Basi lisipokelewe."

"Litaliwa na nondo humo kabatini. Hakuna atakayeliona, shemeji. Umeshinda, halafu iweje?"

Wakaondoka na bastola, upanga na risasi zao ndani ya leso. Chai yao ikabaki mezani, imeshapoa. Maneno yake yakabaki pia, nayo yalinikera kuliko yote, kwa kuwa mtu akikuambia ukweli huku akitoka mlangoni huna hata pa kumjibia.

Nilikuwa bado nimekaa na hasira zangu niliposikia nyundo. Binti yangu alikuwa juu ya kiti, viatu kavua, anapigilia msumari juu ya dirisha la sebule. Akalivisha koti kwenye henga, akalitundika nyuma ya kioo, mabega yakitazama nje. Kisha akachukua karatasi ya manila anayoandikia somo darasani, akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, mkubwa, unaosomeka hata na mtu aliye ndani ya gari: HUYU NI BABA YANGU. ALIAMRIWA KUWAPIGA RISASI WATU WALIOBEBA NDOO. AKAKATAA.

"Wakija kulitoa?" nikamuuliza.

"Wabishe hodi kwanza," alisema, akashuka kwenye kiti.

Hawajaja. Kanali hupita mbele ya dirisha hilo kila asubuhi akienda kazini na kila jioni akirudi kwake. Barabara ya kambini ni moja tu.