Njugu Sita Kibuyuni

Febronia alimtazama mwenyekiti Urbano akitikisa kibuyu, akakunja uso. Ndani yake mlikuwa na njugu mawe sita, moja kwa kila kaya, mbili nyeupe na nne nyekundu. Anayetoa nyeupe anajenga karibu na kisima. Anayetoa nyekundu anajenga kule mbugani, ambako kufuata maji ni safari ya mchana kutwa. Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini ilikuwa imewabwaga hapo bila kuwauliza, na mama yake Febronia hakuweza kutembea.

Jumamosi waligawana mashamba kwa kibuyu hichohicho. Laurenti, mdogo wake mwenyekiti, alitoa nyeupe, akapata shamba zuri. Manase, mkwe wa mwenyekiti, naye nyeupe. Leo tena Laurenti nyeupe. Manase akatumbukiza mkono, akatoa nyeupe, akacheka.

"Zamu yako, mama," Urbano akasema. "Bahati ni ya Mungu."

"Bahati gani!" Febronia alifoka. "Nimezipanga jikoni kwangu, mwenyekiti, jozi kwa jozi. Njugu sita zinatoa jozi kumi na tano, na yenye nyeupe tupu ni moja. Wa kwanza ana mbili kati ya sita. Akishaipata, wa pili kabakiwa na moja kati ya tano. Jumamosi nilinyamaza. Lakini mara mbili mfululizo? Hiyo ni moja kati ya mia mbili ishirini na tano! Na sasa humo zimebaki nyekundu tu, mnaniambia nichague!"

"Unatuita wezi?"

"Zirudisheni zote. Nianze mimi."

Urbano akazirudisha, ili tu anyamaze. Febronia akaingiza mkono. Njugu mbili ziliteleza vidoleni. Akanusa vidole: samli.

Angeweza kutoa moja ya hizo akaenda zake kujenga kisimani. Badala yake alikipindua kibuyu kwa hasira, njugu zikamwagika mbele ya watu, zile nyeupe mbili ziking'aa mafuta.

"Nuseni!"

Wakanusa. Laurenti alificha mkono nyuma. Wanawake wakaziosha njugu kwa majivu, wakazipangusa, kibuyu akapewa mtu mwingine kukishika. Febronia akatoa wa kwanza, mbili kati ya sita, haki tupu.

Nyekundu.

Laurenti na Manase nao wakatoa nyekundu, lakini hilo halikumsogezea maji. Hakuwa na mtu wa kumfokea tena, na hilo lilimuuma kuliko wizi wenyewe. Akambeba mama yake mgongoni, akashika njia ya mbugani akitukana kila hatua, bila kutaja jina la mtu.