Aya ya Pili ya Mama Mkwe

Fundi umeme yule alikuwa ameshafeli somo la uandishi mara mbili, na chuo kilishamwambia wazi: ukifeli tena, cheti cha ufundi mkuu usahau. Sasa basi, katika darasa zima la jioni, mwalimu akampanga na nani? Na mama mkwe wake! Muuguzi mstaafu aliyeamua kurudi shule uzeeni, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

Mwalimu mwenyewe walimbandika jina la Mkasi, na alilistahili. Wanafunzi walikaa wawiliwawili, wakabadilishana insha, na juu ya kila meza kulikuwa na mkasi wa kweli. Aya moja, hoja moja. Sentensi iliyotoka nje ya hoja, msomaji aikate, kisha amweleze mwandishi mbele ya watu kwa nini. Anayesifu tu bila kukata, sifuri.

Fundi akaisoma insha ya mama mkwe, "Uhaba wa Maji Mjini". Aya ya kwanza safi kabisa. Ya pili ilianza na mabomba yaliyochakaa, halafu ghafla: "Wapo pia wanaume wanaopiga mswaki bomba likiwa wazi, kama mkwe wangu. Mkwe wangu huyo hata taulo haaniki. Binti yangu angeolewa na yule mfamasia, tusingefika huku."

Akikata, ataambiwa anajitetea. Asipokata, cheti kwaheri. Na jamani, maneno ya mama mkwe unayakataje, mtu ambaye hata kumtazama usoni unajiuliza mara mbili?

"Ni insha nzuri sana, mama," akaanza.

Mkasi akachukua kalamu nyekundu.

"Ila!" fundi akadakia, akaunyakua mkasi. Kacha! Taulo likaanguka mezani. Kacha! Mfamasia akafuata. "Unisamehe, mama. Aya hii ina mambo mawili: uhaba wa maji, na mimi. Hilo la bomba libaki, ni mfano, na ni kweli. Lakini huyo mfamasia haleti maji. Yuko nje ya mada."

Darasa likavunjika mbavu. Mama mkwe hakucheka. Alivaa miwani, akaokota vile vipande, akavisoma polepole. Fundi akaanza kuwaza atalala wapi.

"Tangu umwoe binti yangu," mama akasema, "kila ninachokuuliza ni 'sawa mama', 'vizuri mama'. Nikawa nasema, huyu ama ananidharau, ama hana lolote kichwani. Kumbe unayo ya kusema, umeyakalia tu!" Akavikunja vipande, akavitupa kwenye kikapu cha taka. "Umekata vizuri."

Mkasi akaandika alama. Fundi akachungulia: amepita! Akashusha pumzi. Masikini, aliishusha mapema mno.

"Haya, maadamu umeanza kusema kweli," mama mkwe akavuta kiti karibu, "mchuzi wangu unauonaje?"

Fundi akamtazama Mkasi kuomba msaada. Mkasi akageuka, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu. Darasa zima masikio yamesimama.

"Chumvi, mama," akasema. "Inazidi. Tangu siku ya harusi."

Mama mkwe akachukua kalamu, akaandika.

"Enhe. Na nini tena?"