Gego la Dalali

Kabla hajaugua, Dalali alikuwa akinadi makochi, majokofu na hata milango ya nyumba zilizobomolewa, na sauti yake ilifika mtaa wa pili. Uvimbe ulipoota chini ya ulimi wake, daktari wa mionzi ndiye aliyemtibu. Uvimbe ulinywea mpaka ukaisha. Siku ya mwisho Dalali aliinadi mashine yenyewe: "Haijatumika sana, jamani! Mgonjwa mmoja tu, tena mstaarabu!" Wauguzi wakashika mbavu.

Sasa alikuwa amerudi, amelala kiubavu, shavu limefungwa bandeji, na mkewe akimpangusa usaha uliokuwa ukimchuruzika kidevuni.

Daktari wa mionzi alisimama mlangoni, picha ya taya mkononi. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshaiona: mfupa umekufa, upande mzima wa kulia utolewe. Naye daktari wa mionzi alijua kwa nini. Taya likishapigwa mionzi, damu haifiki vizuri mfupani. Ukiling'oa jino hapo, kidonda kinaweza kukataa kufunga. Ndiyo maana meno mabovu hung'olewa kwanza. Hayo aliyasoma chuoni, akayajibu kwenye mtihani. Lakini uvimbe ulikuwa ukikua haraka, na daktari wa meno, aliyekaa ghorofa ya chini, hakuwa mtu wa kikao cha Jumanne, ambako madaktari wa saratani hujadili wagonjwa wao. Akajiambia meno yatasubiri.

Baada ya mionzi, maumivu ya gego yalipomzidi, Dalali alishuka mwenyewe kwa daktari wa meno. Yule, bila kujua habari ya mionzi, aliling'oa.

"Mbona umesimama mlangoni kama mkwe?" Dalali alisema kwa shida. "Ingia, binti."

Aliingia, akaamkia, akaitikiwa. Kisha akawaeleza kuhusu upasuaji.

"Na kunadi?" Dalali aliuliza.

"Utazungumza, mzee. Lakini maneno hayatatoka kama zamani."

Mkewe aliacha kupangusa. "Si mlisema amepona?"

"Saratani imepona, mama. Hili ni jambo jingine."

"Jingine lipi?"

Angeweza kujificha nyuma ya maneno ya kitabibu, na wasingejua. Akapiga moyo konde. "Nilipaswa kumwonyesha kwa daktari wa meno kabla sijaanza mionzi. Sikufanya hivyo."

"Yule wa chini?" Dalali aliuliza. "Yule mwenye kipara, anayeimba huku anang'oa?"

"Ndiye."

"Mmegombana?"

"Hapana, mzee."

"Basi hamjuani."

"Tunajuana. Tunasalimiana kwenye ngazi kila asubuhi."

Dalali alicheka, kisha akalishika shavu haraka. "Mngeniambia tu! Kazi yangu si ndiyo hiyo, kuwakutanisha watu? Wala nisingedai cha juu."

"Nyamaza, unajiumiza," mkewe alisema. Hakumtazama tena daktari.

Jumanne iliyofuata, daktari wa mionzi alimwalika daktari wa meno kikaoni. Walipokuwa wakivuta viti, yule alimwinamia. "Ungenigongea mlango tu," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akatikisa kichwa. "Lakini nami sikumuuliza kitu. Niliona jino, sikumwona mtu."

Daktari wa mionzi alikuwa amejiandaa kumtetea. Alidhani wenzake watalalamika kwamba matibabu yatacheleweshwa. Picha ya mgonjwa mpya ikawekwa ukutani: mama mmoja, uvimbe shavuni.

"Meno yake yakoje?" daktari wa meno aliuliza.

Hakuna aliyejua.

"Basi nileteeni leo. Mabovu niyang'oe, vidonda vifunge, ndipo muendelee."

"Mimi sina neno," alisema daktari wa upasuaji.

"Hata mimi," alisema daktari wa dawa za saratani. "Tunaye nani tena?"

Likawa limekwisha, na chai bado ilikuwa ya moto. Daktari wa upasuaji akasimama, akarudisha kiti chake mahali pake. "Niwieni radhi, Dalali ananisubiri."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Daktari wa mionzi alibaki ameinamisha kichwa. Alitamani hata mmoja wao angebisha, angegonga meza, angekataa katakata. Afadhali angejua kwamba lililomshinda lilikuwa jambo gumu.