Boti Iliyoombwa

Siku Uriam na mkewe Taabita walipokuja kuomba boti, walikuja wamevaa nguo za kanisani, na hilo peke yake lilitosha kumtia Tiroia wasiwasi. Mtu anayekuja kuomba chumvi haji na shati lililopigwa pasi.

Aliwatandikia mkeka wa mkadi, akawamiminia tembo tamu la mnazi lililogemwa alfajiri. Wakaongea habari za meli ambayo haijafika, za mishelisheli iliyozaa kidogo mwaka huu, za katekista mpya anayeanzisha wimbo juu mno hadi wazee wanabaki kukohoa. Walicheka. Kisha Uriam akaweka kikombe chini, akatazama mkeka.

"Shemeji," alisema, "nimekuja na bubuti."

Neno hilo likishatamkwa kisiwani Maiana, limetamkwa. Bubuti si kubembeleza. Ni ombi linaloshika mtu, na anayeombwa hasemi hapana. Anaweza kulia moyoni, anaweza kulala njaa kwa ajili ya kile alichotoa, lakini mkono wake utatoa, kwa sababu kesho mwenye kuomba ni yeye. Marehemu Kabuta, mume wa Tiroia, aliwahi kuombwa shati njiani wakitoka misa, akalivua palepale, akarudi nyumbani kifua wazi akipiga mluzi.

"Sema," Tiroia alimjibu, ingawa alikwisha jua.

"Boti ya Kabuta. Jumamosi. Binti yetu anaolewa ng'ambo, kisiwani Tarawa, na meli ndiyo hiyo, kila siku tunaambiwa kesho. Nguruwe tunaye. Magimbi tumechimba. Mashine ninayo mwenyewe. Ninachokosa ni chombo cha kuifunga."

Boti ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya makuti, pale pale Kabuta alipoiacha kabla sukari haijamlaza. Hakuna aliyeigusa isipokuwa Tiroia, aliyekuwa akifunua makuti mara kwa mara ili kufagia majani na kufukuza kaa. Mara ya mwisho alikuwa na kisu cha samaki mkononi. Alikisukuma kwenye ule ubao wa tezi, nyuma ya boti, unaobeba mashine, bila sababu, kama mtu anavyobonyeza tunda sokoni. Kisu kiliingia hadi mpini. Kwa nje rangi ilikuwa nzima, ya buluu, inang'aa. Kwa ndani palikuwa papai bivu.

"Uriam," alisema, "ubao wa tezi umeoza."

Uriam akacheka mpaka akajipiga paja. "Ee, shemeji! Hata mimi juzi Karotu aliponiomba baiskeli nilimwambia haina breki!"

"Ulimwambia haina magurudumu," Taabita akadakia. "Kesho yake akakutana nawe unaiendesha!"

"Nilikuwa naijaribu!"

Wakacheka wote wawili. Tiroia hakucheka. "Nasema kweli, Taabita. Kisu kimeingia chote."

Hapo kicheko kikakatika. Tiroia alitazama uso wa rafiki yake, akaona alichokifanya mwenyewe. Hivi ndivyo watu wa Maiana wanavyonyima. Hawasemi hapana, husema kuku anaumwa, sufuria inavuja, ubao umeoza. Ukweli wake ulikuwa umeingia nyumbani umevaa nguo zilezile za uongo wa kila mtu, na hakuwa na nguo nyingine za kuuvika.

Na huyu alikuwa Taabita. Walipokea komunyo ya kwanza siku moja, wamebadilishana kiatu kimojakimoja, ili kila mmoja abanwe mguu mmoja tu. Ni Taabita aliyeuosha mwili wa Kabuta kwa mikono yake, Tiroia aliposhindwa kusimama.

"Mwenzangu," Taabita alisema polepole, "kama ni hivyo..."

"Kama ni hivyo nini? Nani amenyima?" Tiroia alisikia sauti yake mwenyewe ikipanda. "Boti ni yenu. Chukueni."

Kesho yake Uriam alikuja kuitazama boti na mdogo wake, Iotebwa, mtu mkubwa mwenye maneno machache. Tiroia akatoka na kisu ili awaonyeshe. Uriam akainua kiganja kumzuia, si kwa ukali, kwa adabu.

"Hapana, shemeji. Tumekwisha pewa. Mtu haombi kitu halafu akakikagua meno. Sasa ni boti yangu, na maradhi yake ni maradhi yangu."

"Basi mwangalie mgonjwa wako."

"Nitampa dawa." Akacheka.

Dawa ilikuwa kipande cha ubao mpya na misumari. Tiroia alikaa kizingitini akichambua mchele, akasikiliza. Msumari ukiingia kwenye mti mzima, mti unalia. Huu haukulia. Nyundo ilikuwa kama inapiga mkeka uliolowa. Iotebwa alisimama, akapiga tena, akamtazama kaka yake.

"Inashika?"

"Inashika."

Wakapaka rangi juu yake, buluu ileile, na mtu asiyejua angedhani boti ni mpya.

Jioni upepo ukageuka magharibi. Haukuwa mkali. Ulikuja kidogokidogo, ukaleta harufu ya magugu ya baharini yaliyooza, na ndege wa bahari kuu wakaonekana wamekaa upande wa ndani wa mwamba, juu ya nguzo za mitego ya samaki, mahali ambapo si pao. Tiroia alisali rozari akakuta amerudia fumbo moja mara tatu. Akavaa kanga yake ya heshima, akaenda kwa katekista, akamweleza habari za ubao.

"Mama, umewaambia?" kijana yule alimuuliza.

"Nimewaambia."

"Basi umeosha mikono yako. Lala salama."

Alirudi nyumbani amechoka kuliko alivyoenda. Aliyeosha mikono anamjua, anasomwa kila Ijumaa Kuu, na hajawahi kusikia kwamba alilala salama.

Jumamosi maji yalijaa asubuhi. Boti ilikuwa imekwisha teremshwa, mashine imefungwa, nguruwe amelazwa katikati, miguu imefungwa, anapumua kama mtu mwenye pumu. Magimbi yalikuwa yamepangwa kwenye vikapu. Taabita alikaa mbele, mjukuu wao Ruuta mapajani, mtoto amepakwa mafuta ya nazi hadi anang'aa. Tiroia alisimama mchangani akihesabu kwa macho, akajiambia kwamba mzigo huu labda ubao utauvumilia.

Ndipo watu walipoanza kuja.

"Uriam, nina bubuti," alisema bibi mmoja aliyekuwa na cherehani kichwani. "Mwanangu yuko Betio, kulekule Tarawa, cherehani imekufa, wataitengeneza."

"Panda, bibi."

"Uriam, ndugu yangu, mimi na mke wangu tu. Hatuna mzigo." Walikuwa na gunia.

"Pandeni."

Akaja mwalimu. Wakaja wasichana wawili wa kwaya waliotaka kuimba harusini. Kila mmoja alisema lile neno, na kila mmoja Uriam alimjibu panda, na kila alipojibu tabasamu lake lilipungua kidogo. Hakuweza kusema vingine. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kitu cha kuombwa. Angemnyimaje mwingine mahali pa kuketi? Boti ikashuka. Ule mstari mweupe ambao Kabuta aliuchora kuonyesha mwisho wa mzigo ulizama, na hakuna aliyeutafuta.

Iotebwa akajaribu mashine. Ikaguruma. Tiroia akaona mashine ikiinama nyuma, kidogo tu, kisha ikarudi, kama mzee anayesinzia kanisani. Rangi mpya ikapasuka mstari mwembamba kama unywele.

Iotebwa naye aliona. Akaweka mkono wake mkubwa juu ya ule mstari, akaufunika.

Tiroia akaingia majini. Hakukunja nguo. Maji yalimfika kiunoni aliposhika ubavu wa boti, na maneno yalimjia mawili, akachagua moja.

"Taabita," alisema kwa sauti ya kusikiwa na watu wote, "nina bubuti."

Taabita akashangaa. "Sasa hivi? Mwenzangu, tunaondoka!"

"Sasa hivi. Nakuomba mtoto. Nipe Ruuta abaki nami mpaka mrudi."

Nguruwe peke yake ndiye aliyeendelea kupumua. Walimwelewa. Ukimwambia mtu ubao umeoza, anasikia unamnyima. Ukimwomba akupe mtoto aliye botini, hakuna pa kujificha. Kila mtu anajua umekwisha mwona mtoto huyo wapi: chini ya maji.

"Shemeji." Uriam alikuwa amesimama, uso umempauka. "Unapakia maiti kwenye boti yangu kabla sijaondoka?"

"Nimeomba tu, Uriam."

"Siku ya harusi ya mwanangu!"

"Nimeomba. Mnanipa au mnaninyima?"

Taabita akainuka. Alimnyanyua mtoto kwa makwapa akampitisha juu ya ubavu wa boti, na Ruuta alipoona maji chini yake na mikono ya mwingine akaanza kupiga kelele. Bibi wa cherehani akakumbuka kwamba ameacha moto jikoni. Mwalimu akasema, kwa kweli, ana madaftari ya kusahihisha. Mume na mke wakateremsha gunia lao bila hata kutafuta sababu. Wasichana wa kwaya waliruka wote kwa pamoja, boti ikayumba, na mmoja akalia.

"Shuka na wewe," Uriam akamwambia mkewe bila kumtazama. "Mtoto analia. Atamnyamazisha nani, huyu?"

"Na wewe?"

"Mimi nina nguruwe wa harusi."

"Uriam."

"Shuka, mwanamke! Nirudi nyuma niseme nini? Kwamba mjane ameniomba mtoto nikaogopa?"

Taabita akashuka. Iotebwa alimtazama kaka yake, akatazama ufukwe, kisha akakaa pale pale alipokuwa, mkono nyuma, juu ya ule mstari. Waliondoka wawili na nguruwe. Boti sasa ilielea juu, nyepesi, mstari mweupe wa Kabuta ukaonekana tena, na mtu mmoja nyuma ya Tiroia akasema kwa sauti, "Mnaona? Hata haijazama kitu." Walipita mlango wa mwamba. Huko nje bahari haikuwa na povu wala wimbi la kutisha. Ilikuwa na mgongo mrefu, unaopanda na kushuka taratibu, na boti ikapanda, ikashuka, ikapanda. Kisha ikawa kitone. Kisha Tiroia hakujua tena kama anaitazama boti au anatazama kichwa cha wimbi.

Mchana nesi wa zahanati alipiga simu Tarawa. Bibi harusi mwenyewe alipokea. Hawajafika. Jioni alipiga tena. Jumapili katekista aliomba sala kwa walio safarini, na kwenye mkeka wa Tiroia hakuna aliyeketi, kushoto wala kulia, ingawa kanisa lilijaa hadi mlangoni. Jumatatu boti za Tarawa zilitoka kutafuta, zikarudi. Zilitoka tena Jumanne na Jumatano, zikaenda mbali zaidi, kule mkondo unakopeleka vitu, zikarudi hivyo hivyo. Hazikuleta hata kikapu.

Taabita alikuja Alhamisi, mtoto mgongoni. Hakuwa amevaa nguo za kanisani. Tiroia akatandika mkeka, Taabita hakuketi.

"Ulisema umeoza," alisema.

"Nilisema."

"Tukacheka."

Tiroia alinyoosha ukingo wa mkeka.

"Hilo nimelikubali. Tulicheka wenyewe. Lakini pale majini, Tiroia. Watu wote wanasikia. Ulikuwa na bubuti, na lolote ambalo ungeomba ungepewa." Alimsogeza mtoto mgongoni. "Kwa nini hukuomba boti?"

Tiroia akafungua kinywa.

"Ilikuwa ya Uriam saa ile. Ulikwisha mpa. Ungesema, Uriam, nina bubuti, nipe boti hii, angefanya nini? Angetukana, angetema mate, angekupa. Tungeshuka wote. Yeye na Iotebwa na yule nguruwe. Ungetuomba boti tu."

Nje ya nyumba kuku walikuwa wanaparua mahali makuti yalipokuwa, pale palipobaki umbo la boti mchangani. Tiroia angeweza kusema hakufikiri. Lingekuwa jambo la kueleweka, mtu yuko majini, mashine inaguruma, hafikiri. Lakini Alhamisi hiyo asubuhi alikuwa ameungama hilo mbele ya Mungu, na hakutaka kuja kuungama uongo juu ya hilo.

"Lilinijia," alisema. "Lilinijia kwanza, kabla ya mtoto. Nikaona watakavyosema. Tiroia hutoa kisha analamba alichotoa." Akashusha macho. "Niliona haya."

"Haya," Taabita alisema. Alilisema kama mtu anayerudia bei aliyotajiwa.

Alitazama mkeka ambao hajaukalia. Mtoto alinyoosha mkono kumwelekea Tiroia, kwa sababu siku ile ya Jumamosi, baada ya kulia sana, alilala kifuani pake. Taabita akaushika mkono ule akaurudisha ndani ya nguo.

"Nina bubuti," alisema.

"Sema."

"Usije msibani kwangu. Usilete mkeka, usilete mchele, usije kuosha wala kulia. Na ukinikuta njiani usiniite mwenzangu."

Tiroia alitaka kusema mengi, na yote yalikuwa ya kweli, na yote yangesikika kama kunyima.

"Nimekupa," alisema.

Taabita akainamisha kichwa, kwa adabu, kama inavyopasa kwa mtu aliyepewa, akageuka akaenda zake kwa njia ya ufukweni, maana ile ya katikati ya kijiji ilikuwa na watu.